Yadi ndogo ya kushanti kwenye rafu ya sentimita 150

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Coventry, kwenye fleti ndogo, na mke wangu amekubali rafu moja tu ya sebuleni: sentimita 150 kwa 30. Nina modeli ya injini ya dizeli ya kushanti ya class 08, ya kipimo cha OO (1:76), ya rangi ya buluu, na mabehewa manane. Matano ni ya mbao, ya makaa ya mawe, yameandikwa majina ya wafanyabiashara. Matatu ni ya chuma, ya kijivu. Nataka yadi ya kushanti, sitaki treni ya kuzunguka duara. Nimenunua pointi mbili (zile reli zinazoigawa njia moja kuwa mbili), lakini injini inakwama kila inapopita juu yake. Nianzie wapi, na nifanyeje ionekane ya kweli? Na je, siku moja naweza kujenga hivi stesheni ya Tanga, nilikokulia?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Rafu hiyo inatosha, na umefanya vema kuachana na duara mapema. Katika mita moja na nusu treni haina safari ya kusafiri. Kazi inayoweza kufanyika hapo kikwelikweli ni ya yadi: kupokea mabehewa, kuyapangua, kuyapanga upya kwa utaratibu uliotakiwa. Kazi hiyo inaweza kukushika jioni nzima.

Karibu yote nitakayokuambia yanatumikia jambo moja, nalo ni kwamba injini iende kwa mwendo wa mtu anayetembea, ipite juu ya pointi zote mbili bila kusita, na isimame pale ulipotaka isimame. Wajenzi wengi huanza na majengo na nyasi kwa sababu ndivyo vinavyofurahisha macho, halafu wanabaki na yadi inayosukumwa kwa kidole. Wewe anza na reli.

Mpango usiubuni. Mwingereza Alan Wright ameshatufikiria sote katika yadi yake ya Inglenook Sidings, iliyochukua mfano wa yadi halisi ya Kilham kwenye tawi la reli la Alnwick hadi Cornhill, kaskazini kabisa mwa Uingereza. Ina pointi mbili na njia tatu za kuegesha. Njia moja inabeba mabehewa matano, mbili zilizobaki zinabeba matatu kila moja. Upande wa pili wa pointi kuna njia ya injini, yenye nafasi ya injini na mabehewa matatu, basi. Mabehewa yote ni manane. Kila behewa lina kadi yake. Unachanganya kadi, unachomoa tano, na hiyo ndiyo treni unayotakiwa kuipanga kwenye njia ndefu, kwa mfuatano uleule kadi zilivyotoka. Matano kati ya manane, kwa mfuatano, yanatoa treni 6,720 tofauti. Hutazimaliza.

Wapo watakaokushauri ujenge Timesaver ya Mmarekani John Allen, iliyochapishwa mwaka 1972. Ni fumbo zuri, lakini lina pointi tano na reli zake zinajaza ubao wote. Kwenye sentimita 30 za upana hutapata pa kuweka hata kibanda. Kaa na Inglenook.

Ugumu wa fumbo la Wright umo kwenye njia ya injini. Ukiirefusha hadi iingize mabehewa manne, hatua nyingi zinapotea na mchezo unalegea. Kwa hiyo vipimo vya yadi hii vinatoka kwenye mabehewa yako mwenyewe. Yapange matano mezani yakiwa yameungana, yavute kidogo mpaka kapulingi (viunganishi vya mabehewa) zikaze, kisha pima kutoka ncha hadi ncha. Behewa fupi la makaa la OO, pamoja na kapulingi zake za ndoano, huchukua kama sentimita 8 na nusu; hivyo matano ni 43, matatu ni 26. Class 08 halisi ina urefu wa mita 8.92, ambao kwa kipimo cha 1:76 ni sentimita 11.7, ukiongeza kapulingi, mpe 13. Njia ya injini inakuwa 39. Pointi fupi ya kampuni ya Peco, aina ya Streamline, ina sentimita 18 na nusu, nazo ziko mbili zikifuatana: 37. Jumlisha 39, 37 na 43 upate 119, na hapo mtu hufurahi akachukua msumeno.

Asubiri kwanza. Kuna sehemu ya reli ambayo ipo na haitumiki. Pale pointi inapoishia, kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 25 tu, na behewa lako lina upana wa milimita 32 au zaidi. Behewa likiegeshwa hapo, linalopita njia ya jirani litaligonga ubavuni. Njia zinatakiwa zifike kama milimita 42 ndipo mabehewa yapishane salama, na kwa kuwa pointi hiyo inaachana kwa pembe ya nyuzi 12, unapoteza sentimita 8 nyingine kabla nafasi haijapatikana. Ongeza vizuizi vya mwisho wa reli, sentimita 3 kila upande, na jumla inafika 133. Kwenye kila njia ya kuegesha acha pia sentimita 2 za kupumulia, ili uweze kuunga na kuachanisha bila kubananisha. Lakini njia ya matano isitoshe la sita. Zinazobaki ziache wazi mwishoni mwa rafu, tutazihitaji kwa daraja. Weka alama ya rangi nyeupe kwenye taruma mahali behewa la mwisho linapotakiwa kuishia. Hata kwenye yadi halisi wafanyakazi wanapajua mahali hapo, kwa sababu ajali nyingi ndogo za yadi hutokea hapo.

Sasa pointi zinazokukwamisha. Class 08 ina ekseli tatu, na kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni milimita 46 tu. Zigeuze pointi zako uzitazame pale reli mbili zinapokutana na kufanya ncha ya herufi V. Nitapaita moyo wa pointi. Kama moyo ni wa plastiki, gurudumu linapoukanyaga halipati umeme. Gurudumu la jirani likiwa juu ya vumbi, au ubao ukiwa umejipinda kidogo likaelea juu ya reli kwa unene wa unywele, injini haina tena pa kupatia umeme. Ukienda kasi hutalijua hilo, maana uzito wa injini unaivusha. Ukienda mwendo wa yadi inasimama palepale.

Kama zako ni za moyo wa plastiki mtupu, nakushauri uzibadilishe kabla hujagonga msumari wowote. Peco wametengeneza pointi za Electrofrog, zenye moyo wa chuma, na za Unifrog, ambazo moyo wake una waya unaosubiri kuunganishwa. Moyo wa chuma unatakiwa ubadilishiwe umeme kila pointi inapogeuzwa, hivyo funga swichi ndogo chini ya ubao, isukumwe na fimbo ileile inayosogeza ndimi za pointi, zile reli nyembamba zinazohama kugeuza njia. Hapo injini itapata umeme hatua yote. Kwa Electrofrog, reli mbili zinazotoka kwenye ncha ya V uziunganishe na reli zinazofuata kwa viungio vya plastiki, la sivyo siku utakapopeleka umeme ng'ambo ya pili utapata shoti.

Halafu lehemu waya wake kwenye kila kipande cha reli, hata kile cha sentimita 10. Viungio vya chuma kazi yake ni kushika reli zisipishane, usivikabidhi umeme. Vikishapata rangi na gundi ya kokoto vinaacha kuupitisha kimoja baada ya kingine, na kutafuta kipi kimekufa ni mateso yasiyo na sababu.

Ubao uwe plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao, na uupime kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Mabehewa ya siku hizi yana ekseli nyepesi. Kwenye mteremko mdogo yataondoka yenyewe ukishayaacha. Kabla ya kubandika reli, pitisha kidole kwenye kila maungio. Kidole kikihisi ngazi, chukua tupa uilainishe.

Mabehewa nayo yakaguliwe moja moja. Kwa OO, nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja iwe milimita 14.5. Ikipungua, gurudumu litabana na kupanda reli zilizo kando ya moyo wa pointi, na wewe utailaumu pointi bure. Uzito nao uwe sawa kwa yote: mimi huweka gramu 50 kwa behewa la ekseli mbili, kwa vipande vya risasi au nati zilizofichwa chini ya shehena. Behewa jepesi likisukumwa katikati ya mazito ndilo linaloruka.

Mwendo una hesabu yake. Mtu anayetembea huenda kama kilomita 5 kwa saa. Ukigawa kwa 76 unapata milimita 18 kwa sekunde. Maana yake, kutoka mwisho mmoja wa yadi yako hadi mwingine injini ichukue zaidi ya dakika moja. Jaribu kwa saa mkononi, utashangaa ulivyokuwa ukiikimbiza. Class 08 halisi nyingi zilikuwa na kikomo cha maili 15 kwa saa, na ndani ya yadi hazikukikaribia.

Kuhusu kapulingi. Ndoano zilizokuja na mabehewa zinaunga vizuri ila ni ngumu kuachanisha bila kuinua behewa. Nakushauri uhamie kapulingi za kampuni ya Kadee, ambazo kwa mabehewa ya kisasa zinachomekwa tu kwenye tundu lilipo tayari. Namba 18 na 19 ndizo zinazofaa mengi. Watengenezaji wamezikusudia ziachane juu ya sumaku iliyofukiwa kati ya reli. Kwenye yadi fupi sumaku ina kero yake: ekseli za chuma zinavutwa nayo, na behewa lililosimama peke yake linajongea taratibu kana kwamba kuna mtu analisukuma. Mimi ningetumia kijiti cha mshikaki kilichochongwa ncha bapa. Kiingize kati ya vidole viwili vya kapulingi, zungusha kidogo, zinaachana. Mkono wako unakuwa unafanya kazi ya yule mfanyakazi wa Uingereza aliyekuwa akitembea kando ya mabehewa na fimbo ndefu yenye ndoano. Ukibadilisha kapulingi, pima upya mabehewa kabla ya kukata reli, kwa sababu nafasi kati yao inabadilika.

Reli zikishafanya kazi, endesha yadi ikiwa uchi, bila kokoto wala rangi, mpaka uwe umepanga treni nyingi bila kugusa injini hata mara moja. Usiwe na haraka hapa. Kila kasoro utakayoiona sasa inarekebishika kwa bisibisi. Ukishamwaga gundi itahitaji patasi.

Sasa tuje kwenye sura yake, na nianze na jambo litakalokuuma kidogo. Injini yako ya buluu na mabehewa yako matano ya mbao havijawahi kukutana. Mabehewa ya wafanyabiashara binafsi yaliingizwa kwenye matumizi ya pamoja vita ilipoanza mwaka 1939, na mwaka 1948 reli za Uingereza zikataifishwa pamoja nayo. Buluu ya British Rail, shirika la reli la taifa, ilikuja katikati ya miaka ya 1960. Class 08 zilianza kujengwa mwaka 1952, lakini namba zinazoanza na 08 zilibandikwa kuanzia miaka ya 1973 na 1974. Kabla ya hapo zilikuwa na namba nyingine, nyingi zikianza na D. Injini yako kama ina namba ya 08 ubavuni, yadi yako ni ya miaka hiyo au baadaye. Chagua: au uuze mabehewa hayo matano ununue ya chuma ya tani 16, au uyabakize na utafute injini ya mvuke, mfano Jinty ya kampuni ya LMS, ambazo zilianza kujengwa mwaka 1924 na zilifanya kazi huko huko ulipo. Mimi ningebakiza dizeli, maana tayari unayo na mabehewa ni rahisi kuyapata.

Tuseme basi ni mwaka 1975, yadi ya makaa iliyobaki na kazi kidogo. Mwaka ukishaukamata, maamuzi mengine yanakuja yenyewe: gari la kupakia makaa, vibao, hata mavazi ya watu. Changanya pia aina za mabehewa, kwa sababu manane ya kijivu yanayofanana hayawezi kuchezwa kwa kadi. Yenye breki za vakyumu yalipakwa hudhurungi, yasiyo nazo kijivu. Chukua machache ya kila rangi, na behewa moja au mawili ya kufunikwa. Kisha kila moja lipe uchafu wake. Hili la kutu kubwa mlangoni, lile lenye ubao mpya mmoja, jingine limefutika namba upande mmoja. Kutu ya kweli huanzia pale makaa yanapogonga bati kutoka ndani, na inachuruzika kwenda chini. Itazame kwenye picha za rangi za miaka hiyo kabla hujachovya brashi.

Ardhi ndiyo inayoisaliti yadi ya mgeni wa kazi hii. Anamwaga kokoto za kijivu safi, zimepangika vizuri, kama njia kuu ya treni za abiria. Yadi za Uingereza zilijazwa majivu na masalia ya makaa, vumbi jeusi-kahawia lililofunika mataruma mpaka karibu yasionekane. Tumia mchanga laini sana au unga wa kuzibia vigae wa kijivu cheusi, uuchuje kwa chujio la chai, uutandaze mpaka usawa wa juu wa taruma. Loanisha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Karibu na ndimi za pointi tumia brashi na gundi kidogo sana. Tone moja likiingia kwenye ndimi, pointi imekwisha. Pande za reli zipake hudhurungi kabla ya haya yote, juu uzifute kwa kitambaa chenye spiriti.

Mahali lori linapoingia kuchukua makaa, reli zizame ardhini. Udongo wa DAS, ule unaokauka wenyewe hewani, unafaa sana. Ujaze kati ya reli, uache mfereji wa kingo za magurudumu kila upande, na uso wake uwe milimita moja chini ya kichwa cha reli ili kitambaa cha kusafishia kipite bila kuukwangua. Kabla haujakauka kabisa, chora mawe kwa ncha ya bisibisi. Ni kazi ya taratibu na mimi naipenda kuliko zote.

Baada ya hapo, weka vichache. Kila pointi ina wenzo wake wa mkono kando. Usiusahau, kwa sababu bila huo hakuna anayeweza kuigeuza. Kibanda cha mizani ya malori, mafungu ya makaa yaliyotengwa kwa mataruma makuukuu (makaa yenyewe yawe ya kweli, yaliyopondwa), taa moja ndefu. Doa la mafuta pale injini inaposimama kila siku, na majani kwenye njia isiyotumika sana. Watu wawili wanatosha, nao wawe wamesimama. Sanamu aliyeganda katikati ya kukimbia anachosha macho upesi.

Njia ya injini ipitishe chini ya daraja la barabara, mwishoni mwa rafu, ili mtazamaji adhani reli inaendelea mjini. Nyuma weka anga la rangi moja iliyofifia, bila mawingu ya kuchora, na majengo ya nusu, yenye unene wa sentimita 3 au 4, ya tofali chafu. Rafu ikiwezekana iwe karibu na usawa wa macho. Ukitazama yadi kutoka juu unaona ubao. Ukiitazama kutoka kando unaona mabehewa. Umeme wa volti 12 wa kawaida unatosha kwa injini moja. DCC, mfumo wa kuiongoza injini kwa ishara za kidijitali, inunue ukitaka sauti ya mashine ya English Electric, na kwa class 08 sauti hiyo ni tamu kweli.

Na Tanga? Inawezekana, lakini si kwa reli ulizonunua. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ina upana wa mita moja, na mita moja kwa kipimo cha 1:87 ni milimita 11.5. Njia ya milimita 12 iko karibu kabisa na hapo, na inauzwa tayari pamoja na pointi zake, kwa sababu reli nyingi za milima ya Uswisi nazo ni za mita moja. Magurudumu na chasisi za injini utazipata kwenye modeli hizo za Uswisi. Mabodi ya mabehewa utayajenga mwenyewe kwa karatasi za plastiki. Kwa hiyo unapoenda nyumbani, kusanya vipimo. Muone kwanza mkuu wa stesheni uombe ruhusa ya kupiga picha. Ukiipata, weka rula ya mita moja ndani ya kila picha: behewa kwa ubavu na kwa mbele, mlango wa ghala, ukingo wa jukwaa, na mataruma, maana mengi kwenye reli zetu ni ya chuma na umbo lake halifanani kabisa na ya mbao utakayoyaona madukani huko.